Kuruta Aliyesubiri Amri

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kuzama Sajenti aliposimama mlangoni mwa bweni, ndoo tupu mkononi, akitafuta wa kumtuma. Macho yake yaliwapita makadeti wote waliokuwa wameinama wakipiga viatu rangi, yakatua kwa yule mmoja aliyelala kitandani na viatu vyake miguuni.

"Wewe, Balozi. Chokaa."

Mama yake hakumpa jina hilo. Makadeti wenzake ndio waliompa siku ile ile aliposhuka langoni na sanduku lake la magurudumu, akasimama akiipandisha na kuishusha kambi nzima kwa macho kama mtu aliyetumwa na serikali nyingine kuja kutazama jinsi watu wenye shida wanavyoishi. Jina lilimkaa. Na yeye, badala ya kukasirika, aliliona limechelewa.

Chuo chenyewe kilikuwa nusu madarasa, nusu kambi. Alfajiri ni kwata uwanjani, mchana ni mihadhara kama vyuo vingine, na aliyevumilia mpaka mwisho alitoka na shahada na nyota mabegani. Balozi alizitaka hizo nyota. Mengine yote aliyaona takataka. Walimu wa kwata aliwadharau kwa sababu hawakusoma, na walimu wa darasani kwa sababu walisoma wakaishia pale. Wenzake aliwadharau kwa kuwa waliogopa. Hata chai ya bwalo aliidharau, akisema inanuka sufuria na huzuni. Alichokuwa anakingoja ni siku atakapopita mahali, watu wasimame.

"Mimi, afande?" aliuliza bila kuinuka.

"Hapana, mimi," alisema Sajenti, na bweni zima likacheka. "Mawe ya njiani yanatakiwa yawe meupe kabla ya ukaguzi. Chokaa iko ghala la zamani, nyuma ya uwanja wa zamani. Jaza ndoo, urudi."

Balozi akainuka taratibu kama mgonjwa. Alipofika mlangoni, Sajenti hakumpisha. Alimwinamia sikioni, na sauti yake ya kupigia kelele watu ikawa ndogo ghafla.

"Nisikilize vizuri. Pale uwanjani, ukimkuta mtu amesimama, pita zako. Usimsalimie. Usimuulize kitu. Na usimtume, umenielewa? Liwe lolote lile, usimtume."

"Ni nani huyo?"

"Nimekwambia pita."

Balozi alimtazama yule mtu mzima mwenye mvi, mikunjo ya kombati imenyooka kama wembe, akapiga saluti ya kivivu. Njia nzima alikwenda akicheka peke yake. Jeshi zima, na bunduki zake zote, linaogopa vivuli! Ndiyo maana, alijiambia, linahitaji watu wenye akili.

Uwanja wa zamani ulikuwa nyuma ya karakana, mahali ambapo hakuna aliyekwenda ila kwa kutumwa. Saruji yake ilikuwa imepasuka na majani yameota katika nyufa. Jukwaa la wakubwa lilikuwa limebomoka upande mmoja. Mwanga ulikuwa mwekundu bado, wa kutosha kuona vizuri.

Akamwona.

Kuruta. Amesimama katikati ya uwanja, mguu sawa, visigino vimegusana, vidole vya gumba vimebana mishono ya suruali, uso ameuelekeza jua linapozama. Nguo zake zilikuwa za mtindo wa zamani, kaptula pana na soksi ndefu, rangi imechujuka mpaka haijulikani. Balozi alipita pembeni yake karibu kabisa, kwa makusudi, apate kumdharau vizuri. Harufu ilimpiga puani. Nguo iliyoungua na pasi. Na kati ya mkono wa yule kuruta na paja lake palikuwa na utando wa buibui, mzima, haukukatika hata uzi mmoja.

Balozi aliuona. Aliuona vizuri sana. Lakini mtu akishazoea kutothamini anachokiona, hata macho yake mwenyewe huyadharau. Akajisemea kwamba ni kijana fulani anapewa adhabu, akaingia ghalani.

Chokaa ya maji ilikuwa ndani ya pipa. Akajaza ndoo, akaiinua, chokaa ikamwagikia suruali aliyoipiga pasi mchana kutwa. Akatukana. Akaitua chini, akatazama mikono yake iliyokuwa myeupe, akatazama umbali wa kurudi. Kisha akamtazama yule kuruta, ambaye si kadeti, si msomi, ambaye kwa hesabu zake aliumbwa kubeba ndoo.

"We!" aliita. "Chukua ndoo hii. Nifuate."

Kimya.

Kisha...

TAP!

Kisigino kimoja kilikanyaga saruji, kwa kishindo kile ambacho Sajenti alikuwa anawatesa watu asubuhi nzima wakipate, wasikipate. Balozi hakungoja shukrani wala jibu. Aliweka mikono nyuma, akatangulia. Nyuma yake alisikia hatua. Akitembea, zinatembea. Akipunguza, zinapunguza. Alipoongeza mwendo, maana kwa mara ya kwanza kitu baridi kilimtambaa shingoni, nazo ziliongeza.

Chini ya taa ya kwanza ya kambi akageuka.

Hapakuwa na mtu. Ndoo ilikuwa imetuliwa karibu na visigino vyake, imejaa mpaka ukingoni, haikumwagika hata tone. Alipoishika mpini akauachia upesi.

Ulikuwa wa moto.

* * *

Alfajiri filimbi ilipolia, wenzake waliruka vitandani kama panya waliomwagiwa maji. Balozi alifungua jicho moja. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vinang'aa mpaka aliona meno yake ndani yake. Kombati yake ilikuwa imenyooshwa. Mkanda ulikuwa umesuguliwa.

"Nani amefanya hivi?"

Aliyelala kitanda cha juu yake, kijana mwembamba waliyemwita Kifaranga kwa sababu ya shingo yake na woga wake, alikuwa ameketi amekunja magoti, macho yamemtoka.

Kifaranga alimsubiri mpaka walipokuwa wanapanga foleni ya kunawa. Alikuja karibu, taulo lake begani.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "jana ulirudi na nani?"

"Na ndoo."

"Usinitanie. Kuna mtu amesimama kati ya kitanda chako na ukuta. Pale hapapiti hata mkono, Balozi, lakini amesimama. Amesimama usiku kucha anakutazama kisogoni. Hapepesi macho. Hata sasa..."

Akatazama juu ya bega la Balozi.

"Balozi... nani amesimama nyuma yako?"

Balozi hakugeuka. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa, na hasira ya kukuta shingo yake inaogopa akaimwagia mwenzake.

"Funga mdomo wako."

TAP!

Meno ya Kifaranga yakagongana. Sauti ilikuwa ndogo tu, kama kufuli dogo linapofungwa. Alijaribu kusema kitu, koo likapanda na kushuka, midomo ikabaki imebana. Akashika taya kwa mikono miwili, akavuta. Machozi yakaanza kumtoka.

Walimpeleka zahanati wawili wamemshika. Muuguzi, mama mmoja aliyezoea makadeti wanaojifanya wagonjwa ili wakwepe kwata, alimcheka kwanza. Kisha alijaribu kupenyeza kijiko, kikapinda. Akaacha kucheka. Alisema pengine ni pepopunda, akatayarisha sindano.

Mtu mwingine angekimbia siku hiyo hiyo. Balozi alisubiri mchana, wenzake wakiwa bwaloni, akaenda peke yake nyuma ya mabafu palipokuwa na vumbi laini. Jua lilikuwa utosini. Akasimama, akahakikisha hakuna anayemwona, akasema kwa sauti ya chini kama anayeona aibu:

"Mguu pande."

Tap! Vumbi likaruka nyuma yake.

"Mguu sawa."

Tap!

Akageuka. Mavumbini palikuwa na alama mbili za viatu, visigino vimegusana, ncha zimetanuka, sawasawa kama zilivyochorwa kwenye kitabu cha mafunzo. Na ile harufu. Midomo ya Balozi, polepole, ikatabasamu.

"Hatimaye," alisema. "Mtu mmoja humu ndani anayeijua kazi yake."

Tangu hapo maisha yake yakawa mepesi. Bunduki yake ilikuwa safi kabla hajaigusa. Kadeti mmoja aliyemruka foleni ya chai aliambiwa "subiri", naye akasubiri, kikombe mkononi, mpaka chai ikaisha na bwalo likafungwa, asijue kwa nini miguu haisogei. Koplo aliyemkaripia kwa kuchelewa aliambiwa chinichini "kalale huko", akalala darasani mbele ya mkufunzi, wala hakuamshika mpaka jioni. Balozi alitembea katikati ya watu akichagua maneno yake kama mtu anayechagua vijiwe vya kurushia mbwa. Kifaranga alikuwa zahanati akinyweshwa maji kwa mrija kupitia pengo la jino. Balozi hakwenda kumwona. Aliona ametulia zaidi hivyo.

Ila kimoja kilimkera. Kila jua lilipokaribia kuzama, kuruta wake alipotea. Kwa muda mfupi hakuitika, harufu ikaondoka, na Balozi akajikuta anasikiliza nyuma yake kama mtu aliyeachwa kituoni. Kisha giza likiingia... tap. Amerudi.

* * *

Simu za makadeti wapya zilikaa langoni kwa walinzi. Jumamosi mchana ulipewa yako, ukaongea ukiwa umesimama kando ya kibanda, kila mtu anakusikia. Balozi alimpigia mama yake kwa sababu usipopiga, mama anakuja.

"Baba, umekula?" ndivyo alivyoanza mama, maana mwanawe huyu wa mwisho alimwita baba tangu baba mwenyewe alipofariki.

"Nimekula, mama."

"Wanakupiga?"

"Nani anipige mimi?"

"Haya. Kesho si ndiyo siku ya wageni? Kaka yako anakuja. Amefunga gereji mapema leo, hapa anajaribu viatu. Amenunua na shati."

Balozi akafumba macho. Aliiona picha nzima. Kaka yake mkubwa, fundi wa malori, akiingia langoni na vidole vyake vyenye oili iliyokwisha kuingia ndani ya ngozi, isiyotoka kwa sabuni wala kwa dawa, anamsalimia kila mtu kwa mikono miwili, anamwita Sajenti "mkubwa", anacheka kwa sauti. Kaka huyo aliacha shule baba alipofariki ili mdogo wake asome. Balozi alilijua hilo. Lilikuwa linamuudhi kama deni lisilo na risiti.

"Mama, mwambie asije."

"Kwa nini?"

"Huku kuna watu. Maafisa. Wazazi wa watu. Sitaki anitie aibu."

Nyuma ya mama ilisikika sauti ya kaka, ya uchangamfu, "Ni yeye? Mwulize nimletee nini!"

"Amesikia hujambo, anauliza akuletee nini," alisema mama, sauti imepoa.

"Asilete kitu!" Balozi akapandisha sauti. "Mwambie abaki huko huko! Asimame hapo hapo alipo, asinisogelee!"

TAP!

Ndani ya kibanda mlinzi akainua kichwa. Balozi akahisi ubaridi, kisha hakuhisi kitu. Harufu iliyokuwa mgongoni mwake muda wote ikaondoka mara moja, kama mlango umefunguliwa ikapita.

"Baba," alisema mama kwenye simu, "nani amepiga mguu hapo?"

"Hakuna mtu."

"Nimesikia. Nimesikia huku, si huko." Kisha sauti yake ikasogea mbali na simu. "We, mbona umesimama hivyo? Kaa umalizie kiatu. Mwanangu? Mwanangu, nakwambia kaa..."

"Mama?"

"Kaka yako amesimama. Amevaa kiatu kimoja. Nampa kiti, hakai. Nini hii? Mikono ameibana kwenye mapaja... Baba, jicho lake halipepesi."

"Mwambie... mwambie atembee!"

"Namwambia! Hanisikii!"

Balozi akageuka, akaunong'oneza upepo: "Rudi. Rudi hapa. Acha. Nimesema acha!" Mlinzi alimtazama, akamtazama mwenzake, wakacheka. Hakuna kisigino kilichojibu. Hayupo. Alikuwa ametumwa kazi kwingine, na alikuwa anaifanya.

Jioni hiyo Sajenti alipita mbele yake mara mbili. Mara mbili Balozi alifungua kinywa, akakifunga. Amweleze nini? Kwamba alionywa na mtu asiyemaliza shule, na mtu huyo alikuwa amesema kweli? Aliona aibu. Akaenda kulala na aibu yake, na kaka yake akasimama usiku mzima katikati ya sebule na kiatu kimoja.

Asubuhi wageni walipoanza kuingia, aliomba simu tena.

"Miguu imevimba," alisema mama. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. "Majirani wamejaribu kumlaza, hapindi. Wanne wazima. Nimeleta daktari, kasema ni mishipa, kaondoka haraka. Midomo imepasuka, baba, maji hayapiti. Na humu ndani kuna harufu... sijui nani ameunguza nguo."

* * *

Sajenti alikuwa kivulini nyuma ya ghala la vifaa, anakunywa chai peke yake. Balozi alimweleza yote akiwa amesimama. Hakuambiwa akae. Alipomaliza, Sajenti alimwaga machicha ya chai chini.

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema nisimtume, afande."

"Na wewe ukasema moyoni, huyu mzee hajui kitu." Hakumpa nafasi ya kukana. "Mimi nilimkuta yupo. Aliyenisimulia naye alimkuta. Wanasema kulikuwa na kadeti, wa aina yako, wale wanaozaliwa wakiwa wamekwisha kuwa maafisa. Alimkuta kuruta hajapiga saluti vizuri. Akamwambia, simama hapo mpaka nirudi. Akaenda mjini kustarehe. Akamsahau. Ulikuwa mwezi wa jua kali, na hakuna aliyethubutu kutengua amri ya mkubwa. Walipokuja kumwondoa ilibidi wamlaze kama wanavyolaza mlingoti."

"Yule kadeti alifanywa nini?"

"Alipandishwa vyeo mpaka akachoka. Unataka kujua mengine au unataka kaka yako?"

"Nataka kaka yangu."

"Jua likizama hurudi uwanjani kujihesabisha. Mfuate pale. Lakini angalia ulimi wako. Ukimwamrisha atatii, na anatii neno, hatii nia. Mwombe." Akainuka, akajipangusa. "Kama unajua kuomba. Nyinyi hamkufundishwa."

"Atakubali?"

"Sijui. Sijawahi kumwona mtu wa aina yako akiomba."

Jioni Balozi alitangulia uwanjani kabla ya wakati. Alijaribu maneno njiani na kila lililomjia lilikuwa la kutuma. Mwache. Mwachie. Nenda. Rudi. Kinywa kizima hakikuwa na jingine ndani yake. Jua likagusa ukuta wa karakana. Upepo ukasimama.

Harufu ilitangulia.

Kisha akawa yupo, katikati ya saruji, kana kwamba hakuwahi kuondoka. Safari hii Balozi alimzunguka akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Alikuwa kijana. Mdogo kuliko yeye. Ngozi ya uso ilikuwa imekauka ikang'ang'ania mifupa, midomo imepasuka, na macho, yale macho, yalikuwa wazi, makavu, yenye vumbi juu yake.

"Kaka yangu..." alisema. "Yule uliyemsimamisha. Ni kaka yangu. Amechoka. Mpumzi—"

Akaung'ata ulimi.

Damu ikamjaa kinywani. Kisigino cha kuruta kilikuwa kimekwisha kuinuka kutoka chini, kinasubiri silabi iliyobaki. Mpumzishe. Na watu waliopumzishwa wako wapi? Wako makaburini, na juu yao imeandikwa hivyo hivyo. Balozi alisimama amefumba mdomo kwa mikono miwili, akikitazama kile kisigino. Kilikaa juu. Kikakaa... Kikashuka polepole bila sauti.

Ndipo alipopiga magoti. Hakuwa amepanga.

"Samahani," alisema. Neno lilitoka limepinda kama kitu kilichokaa muda mrefu sandukuni. "Samahani, ndugu yangu. Nilikukosea. Sikukuuliza hata jina. Naomba. Sikutumi, nakuomba. Kaka yangu hana kosa. Naomba awe huru. Kama hutaki, basi, sina la kukufanya. Naomba tu."

Jua lilikuwa limebaki ukucha mmoja.

Kichwa cha kuruta kikageuka. Kiligeuka kidogo kidogo, shingo inalia kama kamba ya katani, mpaka yale macho yakawa juu yake. Midomo ikafunguka.

"Na mimi, afande?"

Sauti ya kitoto. Kavu. Balozi aliisikia ndani ya meno yake.

"Na mimi... nani atanibadilisha?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema nakwenda kuita mtu, ningoje, nitarudi. Maneno hayo yalimjia mdomoni yamekamilika, matamu, kama aliyafanyia mazoezi maisha yake yote. Lakini alimkumbuka mama akisema maji hayapiti.

"Mimi," alisema Balozi. "Nitasimama mimi."

Kuruta alishusha pumzi. Akapinda goti moja, likalia. Akapinda la pili. Akaketi kwenye saruji kama mzee anavyoketi jioni baada ya shamba, akaegemeza mikono nyuma, akayafumba macho yake. Upepo ulirudi. Pale alipokuwa ameketi pakabaki vumbi jeupe kidogo, na hilo nalo likapeperuka.

Sajenti alikuja na tochi baada ya chakula. Alimkuta Balozi katikati ya uwanja, mguu sawa, uso umeelekea upande jua lilikozama.

"Kadeti," alisema. "Rudi bwenini."

Miguu ya Balozi ilinyanyuka. Kisigino kikapiga saruji, TAP, kwa kishindo ambacho hakuwahi kukipata tangu aje chuoni. Alikuwa nusu ya njia ndipo akatambua kwamba hakuwa ameamua kwenda.

* * *

Kaka yake alianguka kitini saa ile ile jua lilipozama, akaomba maji. Kifaranga alifunguka taya zahanati, na jambo la kwanza alilosema ni kuomba ahamishiwe bweni jingine. Balozi hakudumu. Mkuu wa chuo alisema kadeti asiyeweza kumwamrisha hata paka hafai kuwa afisa, na ilikuwa kweli. Alirudi nyumbani na sanduku lake la magurudumu, akaanza kazi gereji kwa kaka yake.

Nyumbani walielewa upesi. Ukimwambia "kaa" alikaa, hata kama ni juu ya jiko. Mtoto wa jirani alimwambia kwa utani "ruka", akaruka mpaka akatapika. Basi mama akawaketisha wote, akawaambia, mwanangu huyu haambiwi, anaulizwa tu. Wakajifunza. "Baba, utapenda kula?" "Mdogo wangu, hiyo spana inaweza kufika hapa?" Kaka yake, aliyekuwa mtu wa kupiga kelele gereji nzima, alijizoeza mpaka akawa anawauliza hata wateja. Watu waliona familia imekuwa na adabu sana.

Ilikuwa mchana, siku ya kazi nyingi. Kaka alikuwa chini ya lori, injini inanguruma. Balozi alipita na kopo la oili chafu, akajikwaa, matone yakaruka yakaangukia shati la mteja mmoja aliyekuwa anaongea na simu. Shati jeupe, limenyooshwa. Kijana yule hakugeuka vizuri hata kumtazama. Alimpandisha na kumshusha kwa pembe ya jicho, kama mtu anavyotazama kitu kilichokwama kwenye kiatu.

"Kafie mbele huko," alisema, akaendelea na simu yake.

Kopo likashuka chini taratibu, halikumwagika. Kisigino cha Balozi kikainuka.

TAP!

Akaanza kutembea. Alipita geti la gereji. Alipita duka. Barabara ilikuwa imenyooka mbele yake, haina mwisho anaouona, malori yanakuja na kwenda. Alitaka kupiga kelele, lakini hakuna aliyemwambia apige kelele. Mikono ilipanda na kushuka kwa mpangilio mzuri, na machozi yakamtiririka katika uso usiopepesa.

Nyuma, kaka yake alikuwa ametoka chini ya lori, anakimbia na miguu yake mibovu, anahema, anaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kwa upole aliojifunza:

"Mdogo wangu! Mdogo wangu, unakwenda wapi?"

Balozi alimsikia vizuri. Lakini lilikuwa swali tu. Akaendelea kutembea.